Kasuku Huanzia Nchani, Kuvu Huanzia Kitakoni

Wiki iliyopita mmoja wenu, mabwana na mabibi shamba vijana, aliweka picha kwenye kundi letu la simu. Hindi moja, limepigwa picha likiwa bado kwenye bua, maganda yamechanika kidogo juu, na weusiweusi unaonekana kwa mbali. Chini yake ameandika: "Wakuu, hii ni kasuku au ni ugonjwa?" Kabla sijapata miwani yangu, majibu yalikuwa yameshafika. Mmoja kasema kasuku. Mwingine kasema fangasi, akataja na dawa ya kupuliza. Wa tatu kaweka kidole gumba, sijui alikuwa anamuunga mkono nani.

Mimi sikujibu. Hindi lenyewe halikuwa limemenywa, kwa hiyo picha ile haikuwa na jibu. Lakini swali nalifahamu vizuri. Niliwahi kuulizwa swali hilohilo Kisondela, mbele ya mwenyekiti wa kijiji na fundi mwenye msumeno wa mashine. Nimestaafu sasa, nakaa zangu hapa Ibighi na migomba michache nyuma ya nyumba, nina muda. Nitawaeleza.

Kwetu ni Singida. Huko mahindi hukauka hata kama hutaki. Nilipopangiwa Rungwe nilishuka Tukuyu mjini mvua inanyesha, nikamuuliza mama mmoja aliyekuwa akiuza ndizi pale stendi kwamba mvua hii hukatika lini. Alinitazama kwa huruma kweli. "Itapungua mwezi wa sita, mwanangu," akasema. "Ila mwezi wa sita nao una baridi yake."

Jambo la kwanza nililojifunza huku ni neno ukungu. Asubuhi unafungua mlango huoni choo kilipo, huo ni ukungu. Unafungua gunia la mahindi unakuta weupe kama pamba, huo nao ni ukungu. Nilidhani wakulima wananichanganya. Baada ya misimu miwili nikaona wako sawa tu, wa nje ndio unaomlea wa ndani. Humu nitaandika kuvu ninapomaanisha ule wa kwenye mahindi, ili tusipotezane.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Mapunda, bwana shamba wa siku nyingi, Mngoni wa Songea, mpole, ila alikuwa na sheria moja kali: hutaji ugonjwa mpaka umemenya, umepasua, umenusa. Alitembea na kisu kidogo mfukoni. Ukitaja ugonjwa ukiwa bado umesimama barabarani, unanunua chai na maandazi ya watu wote. Mwenzangu Joel, tuliyeripoti naye mwezi mmoja, alitulisha sana. Siku moja Kiwira aliona migomba ya kando ya barabara ina majani meusi, akaanza kumweleza mwenye shamba kuhusu magonjwa ya majani, kwa majina yake ya kitaalamu, kwa kujiamini. Mzee Mapunda akasugua jani kwa kidole, akamwonyesha kidole. Vumbi la makaa ya mawe. Malori yalikuwa yakipita hapo kutwa. Mwenye shamba alikuwa anajua muda wote, lakini alisema hakutaka kumkatisha mgeni.

Sasa kasuku. Mnaofikiria yule wa kijivu anayeongea maneno ya watu, mwondoeni akilini. Huyu wetu ni mdogo, wa kahawia, tumbo la kijani kinachoelekea samawati, na ana njano mabegani ambayo huioni mpaka aruke. Haongei, anapiga kelele tu. Akitua kwenye hindi anang'ang'ania kwa kucha, anachana maganda kuanzia nchani, pale penye ndevu, anakula mistari ya juu, punje nyingine anaishika kwa mguu kama mtu anayekula karanga. Akishiba au akishtuka anaondoka, na kinachobaki chini ya hindi ni kizima.

Itazameni kuvu sasa. Kuna za aina kadhaa, lakini ile inayosumbua sana milimani huku huanzia kitakoni, pale hindi linaposhikana na bua. Inapanda juu ndani kwa ndani. Nje maganda yamefunga vizuri, yamepauka tu mapema kuliko ya wenzake. Ukilishika hindi ni jepesi. Ukimenya, maganda yamegandamana na punje na katikati kuna weupe. Haipigi kelele wala hairuki.

Mkulima anamwona nani? Anamwona kasuku.

Mama Subilaga wa Kisondela alimwona kasuku. Alikuwa mjane, mwembamba, mwenye sauti ya kuongoza kwaya, na kweli aliiongoza. Shamba lake lilikuwa mteremkoni. Mpakani, kati yake na shemeji yake Mzee Anyosisye, ulisimama mkuyu mkubwa ambao baba yao, Anyosisye na marehemu mume wa mama, aliwaachia. Tawi moja la mkuyu lilikuwa limekufa, na ndani ya shimo lake kasuku walizaa kila mwaka.

Tangu mumewe afariki, shemeji yake na watu wa nyumbani kwake ndio waliokuwa wakimsaidia kuvuna. Mwaka huo mama akaanza kukuta mahindi yaliyooza. Akawaona kasuku wakitoka kwenye mkuyu asubuhi na kushukia shambani kwake. Akamwambia shemeji mkuyu ukatwe. Shemeji akasema mti wa baba haukatwi kwa ajili ya ndege. Yakasemwa na mengine, ya zamani, ambayo hayakuhusu mti wala ndege. Kufikia wakati wa kuvuna hawakuwa wakisalimiana. Hata kanisani kila nyumba ilishuka kwa njia yake. Na kwa kuwa mama alikuwa peke yake, mahindi yalibaki yamesimama shambani, mvua inayanyeshea.

Mwenyekiti wa kijiji alinipigia simu. "Bibi shamba, njoo useme wewe," akasema. "Wote wamekubali. Ukisema ni kasuku, mkuyu unaanguka. Fundi ameshafika."

Nilipanda bodaboda, nikafika asubuhi. Fundi alikuwa amekalia msumeno wake pembeni ya migomba, anakula ndizi za kuchoma alizopewa na mtu. Akaniuliza kwa adabu kabisa, "Mama, naanza au nasubiri?"

Nikamwambia asubiri. Nikamwomba Mama Subilaga tukakae pembezoni mwa shamba, tuwatazame hao ndege kwanza. Alijifunga kitenge kichwani kwa sababu ya manyunyu, tukakaa juu ya jiwe. Ukungu ulipoanza kuinuka wakaja, wanapiga kelele kabla hata hujawaona. Wakatua.

"Si hao!" akasema. "Unaona? Mwe! Unawaona wenyewe?"

"Nawaona, mama. Tazama yule wa karibu anaanzia wapi."

"Anaanzia kwenye mahindi yangu!"

"Juu au chini?"

Alimtazama tena yule ndege. "Juu," akasema, kama mtu anayejibu swali la mtego.

Tukawaacha wale mpaka wakaruka wenyewe. Kisha tukatembea kwenye mistari, yeye akivuna kila alichokiona kibaya, mimi nikivuna yale ambayo maganda yake yamepauka mapema, kisha nikatandaza turubai mbele ya nyumba. Mwenyekiti alikuwepo, majirani wachache, na Mzee Anyosisye, ambaye alisimama mbali, upande wake wa mpaka, mikono nyuma. Subilaga, binti wa mama, alikuwa amekaa mlangoni. Alikuja nyumbani kujifungua na hakuwa amerudi kwa mumewe bado. Mtoto alikuwa amekaribia umri wa kuanzishiwa uji.

Nilimwomba mama amenye mwenyewe. Hili mliweke akilini, vijana. Ukimenya wewe, ataona mkono wako. Akaanza na yaliyochanwa nchani. Mistari ya juu imeliwa, chini pazima. Mengine yalikuwa yameingiwa na maji pale juu na kuota kuvu ya pinki kidogo. Tukayaweka upande mmoja. Kisha nikampa yale ambayo maganda yake yalikuwa yamefungwa vizuri.

"Haya mazima," akasema.

"Lipime mkononi."

Alilipima. Alilimenya kwa shida maana maganda yalikuwa yamegandamana, na harufu ikatoka. Weupe mtupu, toka kitakoni mpaka zaidi ya nusu.

"Huyu kasuku aliingilia wapi?" nikamuuliza.

Aliligeuza. Akaligeuza tena. Akachukua lingine, na lingine. Fungu la pili likawa kubwa kuliko la kwanza, kila mtu aliona.

"Kwa hiyo ndege hana kosa," akasema hatimaye, kwa ukali.

"Ana kosa, mama. Fungu hili ni lake. Na anapochana maganda mvua inaingia, hayo ya pinki ni sababu yake. Sikudanganyi. Lakini ukikata mkuyu leo, fungu hili kubwa utalikuta tena mwakani."

"Unamtetea shemeji."

Mtu akishaona uko upande fulani, hata ukimwonyesha nini anauona upande tu. Mwenyekiti alikohoa. Tulipoinua macho, Mzee Anyosisye alikuwa ameondoka. Nikadhani amekasirika, na majirani walidhani hivyo, kwa sababu mmoja alianza kucheka chinichini.

Alirudi baada ya muda, amebeba kikapu begani. Akavuka mpaka, kitu ambacho hakuwa amekifanya kwa wiki nyingi, akamwaga mahindi yake juu ya turubai, pembeni ya fungu kubwa. Yalikuwa yameshamenywa. Yote yameoza kutoka kitakoni.

"Haya ni ya shamba la kule mtoni," akasema. "Kule kasuku hawafiki."

Mama Subilaga alimtazama. "Ulijua tangu lini?"

"Tangu nilipoanza kumenya."

"Na ulikaa kimya? Mimi nagombana na ndege, wewe unajua?"

"Ningesemaje, shemeji?" Mzee alijikuna shingo. "Kila mwaka kwenye mavuno ya kanisa mahindi yangu ndiyo yanawekwa mbele."

Mama Subilaga alicheka. Hakikuwa kicheko cha upole, na kilichukua muda. Mzee alikisikiliza mpaka mwisho bila kujitetea.

"Kwa hiyo," akasema fundi kutoka kule kwenye migomba, "niende?"

Mngedhani kazi imeisha. Mimi pia ningependa kuwaambia iliishia hapo, lakini sehemu ngumu ilikuwa inaanza. Mama alikuwa anakusanya fungu kubwa kwenye ungo.

"Unayapeleka wapi, mama?"

"Ndani. Nitachambua, nitaosha, nitasaga. Yaliyooza kabisa nitapikia pombe."

Nikamwambia hayafai. Nikamweleza sumukuvu, ile sumu ambayo kuvu huiacha ndani ya punje. Huioni, kuosha hakuitoi, na kuchemsha hakuiondoi. Ukiila haikuangushi palepale, na hiyo ndiyo hatari yake, kwa sababu unaendelea kula. Nilieleza polepole, kwa maneno mepesi, kama nilivyofundishwa.

Alinisikiliza mpaka nikamaliza. "Nitupe chakula," akasema. "Nimelima peke yangu, nimepalilia peke yangu, nitupe. Wewe una mshahara, bibi shamba."

Hayo nayo mtaambiwa. Msijibu. Hakuna jibu la kweli kwa maneno hayo, na la uongo litasikika.

Aliyejibu ni Subilaga. Aliinuka pale mlangoni, akamfunga mtoto mgongoni, akaja akauchukua ungo mikononi mwa mama yake bila kuuvuta. "Mama," akasema, "uji wa huyu siupiki kwa haya."

"Utampikia kwa nini basi?"

Mzee Anyosisye ndiye aliyesema, akiwa anatazama chini, kwamba mahindi yake mazuri ya shamba la juu yako kwenye chanja ya kukaushia, hayajaguswa, na kwamba uji wa mtoto mmoja hauwezi kumaliza chanja. Kisha akaomba jembe.

Alichimba shimo mwenyewe, kwa kuwa alikuwa na ya kwake ya kufukia. Fundi wa msumeno, aliyeona ameshakuja na siku imeshakwenda, akavua koti akamsaidia. Yalifukiwa ya nyumba zote mbili kwenye shimo moja, pamoja na maganda. Mama Subilaga alisimama ukingoni mpaka udongo ukasawazishwa. Akamwambia shemeji yake, "Ndaga." Ni asante ya Kinyakyusa. Kisha akaingia ndani.

Sasa yale mnayoweza kuyatumia kesho. Kuvu hii hulala kwenye mabua. Mabua ya mwaka jana yaliyoachwa juu ya ardhi ndiyo nyumba yake, na ukipanda mahindi juu ya mahindi unaipelekea chakula mlangoni. Mwambieni mkulima aondoe mabua au ayafukie chini kabisa, na msimu mmoja shamba lipumzike kwa maharage au viazi. Msimsikilize anayesema mbegu zikibanana mavuno yanaongezeka. Huku kwetu kinachoongezeka ni unyevu. Chagueni mbegu ambayo hindi lake huinama likikomaa, maji yamwagike nje. Na muhimu kuliko yote, livunwe likikomaa, lisingoje kukauka shambani. Chomoeni punje mtazame kitako chake: pakiwa na alama nyeusi, hindi limemaliza kazi, iliyobaki ni kazi ya mvua. Limenyeni, likaukie darini juu ya moto wa jikoni au kwenye chanja yenye paa. Singida hatukuhitaji hayo. Nilipowaeleza ndugu zangu kwamba huku watu hukausha mahindi kwa moshi walidhani nawatania.

Mtaona katika yote hayo dawa ya kupuliza sikuitaja. Yule aliyeitaja kwenye kundi ajue kwamba ukishaiona kuvu ndani ya hindi, dawa hiyo unapulizia maganda tu.

Na mtaona jambo jingine. Ugomvi wa wale wawili ndio uliochelewesha mavuno ya mama. Kasuku alikula kilekile anachokula kila mwaka. Kilichoongezeka mwaka ule ni wiki za kusimama mvuani, wakati watu wanapishana njiani bila kusalimiana. Kitabu chochote cha magonjwa ya mimea hakina ukurasa wa hilo, na sijui ungeandikwaje.

Msimu uliofuata walivuna mapema, nyumba zote mbili, shamba moja baada ya jingine. Mabua yalichomolewa. Mama alilalamika sana kuhusu kazi ya kuyachomoa, na aliimba huku akilalamika. Kuoza hakukuisha, nisiwadanganye, lakini fungu bovu lilikuwa la kubeba kwa mikono miwili. Kasuku walichukua chao kama kawaida, na yeye aliwatukana kama kawaida, kwa Kinyakyusa, kwa sababu alisema Kiswahili hakina matusi ya kutosha ya ndege.

Mara ya mwisho kwenda pale kikazi, karibu na kustaafu, nilikwenda kukagua chanja. Nilimkuta Mama Subilaga amesimama chini ya mkuyu, jembe mkononi, na mbele yake vijana wawili wenye kamba na gunia. Pikipiki yao ilikuwa barabarani. Walikuwa wamekuja kuchukua makinda ya kasuku kwenye lile shimo. Kuna watu mjini huwanunua na kuwafungia. Nimefanya kazi miaka yote hiyo, sijawahi kuona mtu amepanda pikipiki kwenda kuiba kuvu. Kwa hilo peke yake kasuku na kuvu hawatafanana kamwe: mmoja anaweza kwisha.

"Bibi, si tumesikia wanakumalizia mahindi?" kijana mmoja alikuwa anasema, kwa sauti ya kubembeleza. "Tunakusaidia tu."

"Nani kakwambia naomba msaada?"

"Lakini wewe mwenyewe unawachukia. Kijiji kizima kinajua."

"Nawachukia mimi," akasema. "Wanakula kwangu, nawatukana mimi. Wewe wamekula nini chako?"

Kijana alinitazama mimi, labda kwa sababu nilikuwa na begi la ofisi. Nikamwambia kukamata ndege wa porini bila kibali ni kosa, jambo ambalo ni kweli. Sidhani kama alinisikia. Alikuwa anatazama jembe. Mzee Anyosisye alikuwa ameshatokea upande wake wa mpaka, amezeeka, fimbo mkononi. Wakakunja kamba yao. Tulisikia pikipiki ikiwaka, ikapanda kilima, ikaisha.

Mama Subilaga aliegemea jembe mpaka pumzi ikarudi. Mkononi mishipa ilikuwa imesimama. Kelele zile zilikuwa zimewatoa kasuku kwenye mkuyu, wakazunguka juu yetu mara kadhaa, wakaona kumetulia, wakashuka moja kwa moja kwenye mahindi yake mabichi.

"Mwe!" akasema. Akaokota bonge la udongo, akawatupia.